Wala cha mtu mwingine

Juzi, Oktoba 14, redio ilikuwa inarudia zile ahadi za mwana-TANU, binti yangu akaacha kumenya viazi. "Baba, cheo changu nimeelewa. Cha mtu mwingine nakitumiaje?"

Wengi wa rika langu huishia kwenye maneno matatu: cheo ni dhamana. Ahadi yenyewe, ile inayofuata baada ya ya rushwa, inaendelea: "Sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Azimio la Arusha la Februari 1967 lilibana hukohuko. Liliposema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha, lilifafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Watoto halikuwataja. Mimi nilitajiwa mwaka 1981, kwenye mizani ya pamba.

Baba alikuwa karani wa ununuzi kijijini. Mizani ilikuwa ya saa, imening'inizwa kwenye boriti ya ghala. Kila asubuhi alianza na ndoana tupu: mshale lazima utue kwenye sifuri. Ukikaa kilo moja nyuma ya sifuri, kila gunia linampunja mkulima kilo moja mpaka jioni. Kisha anapima gunia tupu mbele ya watu, na uzito huo ndio unaotolewa, si wa kukisia. Mshale hausomwi gunia likiwa bado linabembea. Naye husimama hatua nzima kando, mikono nyuma, kwa sababu wizi mkongwe wa makarani ni goti: likiinua kitako cha gunia kidogo tu, kilo mbili zimekwenda na mwenye pamba hajaona kitu. Wakulima nao walikuwa na yao, maji, mchanga, au fifi, yaani pamba ya daraja la chini, chini na safi juu, ndiyo maana alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kabla ya kupima.

Pamba yetu ilipimwa ya mwisho, na msomaji hakuwa yeye. Kalamu alimpa mama mmoja jirani.

Siku hiyo tulikuwa na magunia matatu. La kwanza, 38. La pili likapandishwa, mimi nimesimama nyuma yake. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kusaidia. Nikashika pindo la gunia, nikavuta chini, taratibu. Katani ilinikwaruza vidole. Mshale ukasogea: 40, 41, 42.

"Arobaini na mbili," akasema yule mama.

Baba hakuwa anatazama mshale. Alikuwa anatazama chini, kwenye vumbi, jua limeshainama na vivuli vimerefuka. Kivuli cha mkono wangu kilikuwa kimeungana na cha gunia.

Hakunigusa. Aliwaita waliokuwa wameshaanza kuondoka. "Mwanangu ameshika gunia. Tunapima upya yote." Ndoana tupu, sifuri. La kwanza, 38. La pili, 39. Ile 42 ikakatwa kwa mstari mmoja, ibaki inasomeka, na 39 ikaandikwa pembeni, yeye na yule mama wakatia sahihi. Njiani tulitembea kimya. Habari ile hakuirudia tena mpaka anafariki, nami sikumuuliza aibu aliyoiona ilikuwa yangu au yake.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Kwani wewe ulikuwa na cheo?"

"Sikuwa nacho. Cheo kilikuwa cha babu yako."

Akarudi kwenye viazi vyake. Sikumwambia habari ya wiki iliyopita, nilipompigia shemeji yangu simu, na karatasi niliyoambiwa niisubiri mwezi mzima ikatoka siku ya pili. Niliokuwa nao kwenye lile benchi huenda bado wanaisubiri ya kwao. Simu yenyewe haikufika dakika mbili. Nilimwomba aniulizie tu, sikusema anipitishe.