Nyufa chini ya rangi mpya: jinsi tulivyomdai aliyetuuzia nyumba

Tulinunua nyumba yetu mwezi wa Agosti 2021, pembezoni mwa Lubumbashi, mjini Katanga, nchini Kongo (DRC), upande wa komuni ya Annexe, kwa dola 27,000 ambazo mimi na mume wangu tulikuwa tumeziweka kwa miaka kumi na mmoja, yeye kwa kazi ya gereji na mimi kwa ualimu. Ilikuwa na vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, na kuta zote, ndani na nje, zilikuwa zimepakwa rangi upya. Sisi tuliichukua ile rangi kuwa ni adabu ya mtu anayekabidhi nyumba yake kwa wengine.

Kabla ya kulipa tulitumia karibu miezi miwili kuchunguza makaratasi. Anayeishi mjini hapa anajua sababu: parseli moja, yaani kiwanja, huweza kuuzwa kwa watu wawili, hata watatu, na tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ardhi yenyewe ni ya Serikali, kwa hiyo mtu hununua haki ya kuitumia, nayo huthibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Tulikwenda ofisini kwake mara tano. Tulihakikisha jina, namba, mipaka na vipimo, na komisiyoneri aliyetuunganisha na muuzaji (naye alichukua fungu lake kwetu na kwa muuzaji pia) alitusifu kwa umakini wetu. Cheti kilikuwa safi kabisa. Lakini cheti husema nani ana haki juu ya kiwanja. Juu ya msingi wa nyumba hakina neno hata moja, na nyumba yenyewe tulikuwa tumeikagua kwa saa moja tu, Jumamosi moja ya kiangazi, ardhi ikiwa kavu na ngumu kama sakafu.

Mvua kubwa zilianza Novemba. Kufikia wiki ya pili ya Desemba mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa haufungi tena, na juu yake ukaonekana ufa uliopanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali hadi kwenye dari. Baada ya siku chache ukatokea wa pili kwenye kona ya nje, ambao niliweza kuingiza kidole changu cha mwisho ndani yake. Lipu ilipomeguka tuliona kwamba chini yake kulikuwa na lipu nyingine, ya zamani zaidi, nayo ilikuwa imepasuka mahali palepale.

Fundi tuliyemwita alichimba kando ya ukuta hadi kina cha mita moja na nusu, kisha akaniita nitazame. Alitoa mifuko ya plastiki, majivu, vipande vya matofali mabovu na soli ya kiatu. «Mama,» aliniambia, «hapa hamna udongo. Nyumba yenu imekaa juu ya shimo la watu wa matofali.» Wasiokaa Katanga huenda wasielewe mara moja. Vichuguu vya kwetu ni vikubwa, vingine vinapita urefu wa nyumba, na udongo wake ni mzuri kwa matofali. Wafyatuaji hukila kichuguu chote, kisha huendelea kuchimba chini. Shimo linalobaki hujazwa takataka, halafu siku moja mtu hulisawazisha na kujenga juu yake. Wakati wa kiangazi takataka hizo hubeba ukuta bila shida, lakini maji yanapopenya hushuka, na upande huo wa nyumba hushuka pamoja nazo.

Mume wangu alitaka fundi aanze kutengeneza kesho yake, na kusema kweli hata mimi nilitaka hivyo, kwa kuwa watoto wawili walilala katika chumba kile. Ni shemeji yangu aliyetuzuia na kutupeleka kwa wakili anayemfahamu. Wakili alipoambiwa kwamba tayari tulikuwa tumeziba ufa mmoja, alikunja uso. Alituagiza tusiguse kitu kingine mpaka uisie, yaani ofisa wa mahakama, aje kuandika alichokiona, kwa tarehe na picha, na mpaka mhandisi atoe maoni yake kwa maandishi. Watoto walihamia sebuleni.

Nilikuwa nimemwandalia wakili orodha ya malalamiko saba: mabati yenye kutu, bomba la bafuni, dirisha lisilo na kioo kizima, na mengine ya namna hiyo. Alifuta matano. Alitueleza kwamba dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ndiyo inayotumika mpaka leo katika mambo ya mauzo nchini mwetu, inafuata mfano wa sheria za Ubelgiji na Ufaransa: muuzaji hawajibiki kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Kutu ya mabati tuliiona, au tulipaswa kuiona. Muuzaji huwajibika kwa kasoro iliyofichika, ambayo ilikuwapo kabla ya mauzo, na ambayo inaifanya nyumba isifae kwa matumizi yake, au inaipunguzia kufaa kiasi kwamba mnunuzi, kama angaliijua, asingalinunua au angalitoa bei ndogo zaidi. Mnunuzi ana njia mbili: kuirudisha nyumba na kurudishiwa fedha zake, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei kwa makadirio ya wataalamu. Tena ni lazima adai ndani ya muda mfupi. Sheria haitaji idadi ya siku. Hakimu ndiye hupima, na anayekaa kimya msimu mzima baada ya kugundua hujidhuru mwenyewe.

Tulichagua kubaki na nyumba. Kuirudisha kungetaka kubatilisha uhamisho wa cheti tulioupata kwa taabu, na hatukuamini kwamba muuzaji bado alikuwa na dola 27,000 mkononi.

Ugumu ulikuwa katika mkataba. Kulikuwa na sentensi ambayo komisiyoneri aliisoma harakaharaka siku ya kutia sahihi: mnunuzi anakiri kuwa ameitembelea nyumba na kuikubali katika hali iliyopo. Muuzaji alipopata barua ya wakili mwezi wa Januari, jibu lake lilikuwa sentensi hiyo tu. Wakili hakushtuka. Alisema kwamba maneno ya aina hiyo yanaweza kumkinga muuzaji ambaye hakujua, lakini aliyejua akanyamaza hawezi kujificha nyuma yake, na zaidi ya bei anaweza kudaiwa hasara zote zilizofuata. Kwa hiyo swali zima likawa moja: je, yule mzee aliyetuuzia alijua?

Hapo jirani yetu alitusaidia kuliko ofisi yoyote. Mama huyo alikumbuka kwamba mpangaji wa mwisho alihama kwa sababu ya mlango uleule, na akamtaja fundi aliyekuja kupiga lipu mwezi wa Juni, wiki chache kabla sisi kuletwa. Fundi huyo alinikwepa mara mbili. Mara ya tatu alinikaribisha, akaniambia bila kuniangalia machoni: «Mama Mwalimu, yule mzee ndiye hunipa kazi.» Sikumlaumu, maana mkate wake ulikuwa hatarini. Hata hivyo alinionyesha daftari lake, ambamo aliandika kila kazi: tarehe, mifuko mitatu ya saruji, «kufunga nyufa chumba cha nyuma na kona». Aliniruhusu kupiga picha ukurasa ule. Mpangaji wa zamani naye alikubali kuandika barua na kuitia sahihi.

Mzee alikuja ofisini kwa wakili pamoja na mtoto wake mkubwa. Alitazama picha ya daftari kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kila nyumba ya mjini ina nyufa, na kwamba yeye pia aliuziwa hivyohivyo. Naamini hilo la pili lilikuwa kweli, na lilinifanya nimwonee huruma kidogo, ingawa halikubadilisha hesabu. Mtoto wake ndiye aliyeomba tusifike mahakamani. Mhandisi alikuwa amekadiria matengenezo kuwa dola 6,400. Tulikubaliana 5,000 kwa awamu tatu, kwa maandishi yaliyothibitishwa na notere. Nililia siku ile, si kwa furaha, bali kwa zile 1,400 pamoja na ada ya wakili, ambazo tulijua hazitarudi. Awamu ya tatu ilichelewa miezi minne.

Kazi ilifanyika kiangazi cha 2022. Walichimba chini ya ukuta kipande kwa kipande, wakatoa takataka, wakajaza mawe na zege hadi kwenye udongo mgumu, kisha wakafunga kona kwa nondo.

Wakati wa ukaguzi wa kwanza mhandisi alikuwa amebandika juu ya kila ufa kibandiko chembamba cha plasta chenye tarehe, ambacho mafundi hukiita shahidi, kwa sababu ukuta ukisogea hata kidogo chenyewe hukatika. Wale wa kwanza walikatika ndani ya siku tisa. Baada ya matengenezo aliweka wengine watatu, akatuambia tusubiri mvua. Msimu ulipokwisha mwezi wa Aprili 2023, wote watatu walikuwa wazima, na watoto wakarudi katika chumba chao.