Anayeingia Kuokoa

Kila ninaposoma habari za wafanyakazi waliofia ndani ya tangi au shimo la kiwanda, hutafuta kwanza idadi yao, kwa kuwa mara nyingi huwa zaidi ya mmoja. Wa kwanza aliteremka kusafisha akaanguka, wa pili akamwona akashuka mbio kumtoa, wa tatu akafuata. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliofia katika maeneo finyu ya namna hiyo ni waliokwenda kuokoa wenzao.

Kinachoua hakionekani. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 21 ya oksijeni, lakini ndani ya tangi la chuma lililofungwa kwa muda mrefu kutu huila oksijeni hiyo, na ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huweza kuzimia kabla hajashuku jambo lolote. Katika mashimo ya maji taka kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, ila ikizidi huipumbaza pua, hata aliye ndani akadhani harufu imekwisha na hatari imepita. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hiyo wala haiongezi oksijeni.

Ndiyo maana hunichoma kusikia vifo hivi vikiitwa uzembe wa marehemu. Aliyeshuka kumfuata mwenzake alikuwa na sekunde chache za kuamua, ilhali mwajiri alikuwa na miezi mingi ya kununua kipimo cha gesi, kinachoteremshwa kwa kamba ili kupima juu, katikati na chini, kwa sababu gesi hutofautiana uzito. Alikuwa na muda wa kuweka feni ya kuingiza hewa safi, na wa kuagiza kwamba hakuna anayeingia bila kibali cha maandishi.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni yule anayewekwa mdomoni mwa shimo. Kazi yake ni kubaki nje, kuita msaada na kumvuta aliyezimia kwa winchi iliyofungwa kwenye mikanda ya mwenzake tangu kabla hajateremka. Kumwamuru asiingie bila kumpa winchi hiyo ni kumtaka asimame amtazame rafiki yake akifa, na sidhani wapo wengi watakaotii.