Siku mjomba alipoangalia nyayo

Kwetu Walukuba, pale Jinja, Uganda, mjomba wangu walikuwa wanamwita Farasi, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Watu wakikaa steji ya boda wakaanza mpira, yeye lazima aingize habari za Nairobi, eti alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, eti alilala banda moja na farasi wa mbio, eti kuna farasi mmoja alikuwa hagusi chakula mpaka amwone yeye kwanza. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi pia nilicheka, nasema ukweli, na iliniuma baadaye.

Lakini Busoga, eneo letu hili la Jinja, utamwona wapi farasi? Mbung'o hawakumwacha akae huku. Nagana, ugonjwa wanaoeneza hao mbung'o, inamkausha farasi mpaka anaanguka, na kandokando ya ziwa letu hapa ndiko malale yaliua watu zaidi ya laki mbili mwanzoni mwa miaka ya 1900, watu wakahamishwa kijiji kizima kizima. Mimi nilikua mpaka nina miaka 27 farasi namjua kwa simu tu, na kwenye zile skrini za nyumba za kubeti ambapo farasi wa kompyuta wanakimbia kila baada ya dakika chache, vijana wanaacha hapo pesa ya chakula. Farasi wa skrini hatoki jasho, mjomba alikuwa anasema hivyo kila tukipita pale mlangoni, na alikuwa anakasirika kabisa.

Mjomba alitoka Uganda Februari 1977, mwezi ule aliouawa Askofu Mkuu Luwum, wakati wa Idi Amin. Alikuwa na miaka 19, akavuka mpaka wa Busia usiku, akafika Nairobi hana kitu, kazi aliyopata ni kuzoa mavi ya farasi. Akapanda mpaka akawa saisi. Alirudi 1987 akaoa, na picha hata moja hakurudi nayo. Ndio maana hakuna aliyemwamini, hata mke wake anti yangu hakumwamini, alikuwa anasema huyu alikuwa askari wa geti tu huko.

Sasa Februari 2017 nilikuwa nimeuza boda yangu ya kwanza nataka kuongeza ninunue nyingine, nikabaki na pesa kidogo mkononi, nikamwambia mjomba twende Nairobi unionyeshe. Alinyamaza muda mrefu sana. Halafu akaingia ndani akaanza kupiga viatu brashi, na safari ilikuwa bado siku nne.

Tulipanda basi la usiku Jumamosi, tukavuka mpaka kwa vitambulisho tu, nikabadilisha pesa, wakati huo mia ya Kenya ilikuwa karibu 3,500 ya kwetu, asubuhi tuko Nairobi. Tukanywa chai tukapumzika, mchana tukachukua matatu ya 111 ya Ngong Road. Mjomba ananielekeza kama mwalimu, zamani mbio zilikuwa Eastleigh, hapa Ngong zimehamia 1954, na katikati ya uwanja utaona watu wa gofu usishangae. Kweli, tumefika nikaona watu wa gofu.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni harufu. Jasho, nyasi, ngozi ya matandiko, vyote pamoja. Cha pili ni ukubwa. Farasi wa mbio akipita mita moja kutoka kwako ngozi yake inameta kama imepakwa mafuta na mishipa imetokeza shingoni kama kamba, unarudi nyuma bila kuambiwa. Nilirudi nyuma. Mjomba alisogea mbele.

Mbio ya kwanza nilibeti mwenyewe, nikachagua mweupe kwa sababu ni mzuri, mia tano ikaenda. Ya pili nikafuata wengi, yule anayependwa na kila mtu akashinda kweli, nimeweka mia mbili narudishiwa mia mbili themanini nikabaki naangalia dirisha. Mjomba akanieleza, pesa zetu wote zinaingia kapu moja, wenye uwanja wanakata yao, inayobaki wanagawana wenye tiketi za mshindi, kwa hiyo ukiwa na wengi mnagawana kidogo. Akasema pia farasi hodari anabebeshwa uzito zaidi, vipande vya risasi, ile metali nzito, vinaingizwa kwenye tandiko, ili na wengine wapate nafasi. Kwa hiyo jina kubwa halitoshi, inabidi umwangalie huyo farasi leo yukoje. Leo, alirudia hiyo leo mara mbili.

Basi kabla ya mbio ya tatu alinipeleka pale wanapozungushwa ili watu wawaone. Mimi naangalia rangi za nguo za wale wapandaji, yeye anaangalia chini. Kabisa chini, mchangani. Nikamwuliza mjomba umedondosha nini?

"Angalia kwato," akasema. "Ya mbele ikitoka, ya nyuma inakanyaga wapi?"

Nikainama. Wengi kwato ya nyuma ilikuwa inakanyaga pale pale ya mbele ilipotoka au inaizidi kidogo. Namba sita ilikuwa inapita ile alama kwa shibiri nzima, kila hatua, bila haraka. Huyo yuko huru mgongoni, mjomba akasema, hana maumivu, ana hatua ndefu. Halafu akanionyesha namba mbili, kipenzi cha watu siku hiyo, povu jeupe katikati ya mapaja na mkia unapigapiga. Huyo ameshakimbia mbio yake hapa hapa, nguvu zimeisha kwa woga.

Akaniambia weka sita, plesi. Plesi maana yake akiingia kwenye wale wa mbele unalipwa, si lazima awe wa kwanza. Sita hakuwa na watu kabisa, ubao ulionyesha malipo makubwa, na mimi tamaa ikaniingia, nikasimama dirishani nikaweka elfu moja kwa kushinda. Sikumwambia.

Mageti yakafunguka ukasikia ule mlio, halafu kimya, wako mbali ng'ambo ya uwanja unaona rangi tu zinateleza juu ya uzio. Walipokunja kona ya mwisho ardhi ilianza kutetemeka chini ya viatu vyangu. Namba mbili alikuwa mbele kisha akaanza kurudi, kurudi, kama mtu anayevutwa shati, na sita akatoka pembeni akaanza kumeza wenzake mmoja mmoja, jamani nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Alishindwa kwa shingo. Shingo tu, farasi mwingine alikuwa ametangulia mapema. Wa pili.

Mjomba alinigeukia anatabasamu anasema haya kachukue pesa yetu. Nikampa tiketi. Akaisoma, akaisoma tena, akanirudishia bila neno. Hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza. Mzee alikaa miaka thelathini anaambiwa mwongo, nikamsafirisha usiku kucha ili aniambie anachojua, akaniambia, nikafanya yangu.

Mbio ya nne alisema hapana, hapa hakuna, tukae, tukala chipsi. Ya tano akachagua tena, safari hii nikafanya kama alivyosema neno kwa neno, farasi wake akaingia wa tatu, tukapata elfu moja na mia nane. Nikamwekea zote mfukoni mwake.

Ilikuwa jioni tunaelekea kutoka, kuna mzee ndevu nyeupe anamtembeza farasi taratibu kumpoza, mvuke unamtoka mgongoni. Yule mzee akasimama. Akasema "Mganda?" Mjomba akasema "Ndio mimi." Hawakukumbatiana wala nini, yule mzee alimpa tu kamba. Mjomba akavua koti akanipa nishike, akasogea karibu na sikio la yule farasi akatoa sauti fulani kwa midomo, kama busu refu hivi, na masikio ya farasi yote mawili yakageuka kwake. Wakaondoka pamoja, mjomba na farasi, wakazunguka mara mbili tatu polepole, mkono wake mmoja umelala shingoni. Mjomba ana mguu mbaya, kwetu anachechemea kila mtu anajua. Pale sikumwona akichechemea.

Usiku ndani ya basi hatukuongea sana. Alfajiri tuko Busia upande wa kwetu nikanunua rolex mbili, zile chapati za kukunja na mayai, muuzaji akaleta maji ya kunawa, mjomba akakataa. Akaomba kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akashikia rolex kwa kaveera, akala hivyo. Nikadhani amechoka tu.

Tulifika Walukuba mchana anti anafua nje. Mjomba hakusalimia hata, alienda moja kwa moja akamnyooshea mkono, kiganja juu, karibu na pua. "Nusa," akamwambia. Anti akatuangalia wote wawili, akajifuta povu la sabuni kwenye gauni, akashika ule mkono akanusa. Akanusa tena.