Kutoka Sagano hadi Kamakura: nikiwafuata shirabyoshi

Treni ya kwenda Arashiyama, magharibi mwa Kyoto, hujaa wageni wanaoukimbilia msitu wa mianzi. Mimi niliupita, nikaendelea kaskazini kwenye vichochoro vya Sagano mpaka hekalu la Gio-ji. Nilikuwa nawatafuta shirabyoshi, wanawake waliowaimbia na kuwachezea makaizari na wababe wa Japani katika karne ya 12 na 13, nao wamevaa kiume: joho jeupe, suruali pana nyekundu, kofia ndefu nyeusi ya waungwana, upanga kiunoni na upepeo mkononi. Waliimba imayo, nyimbo za mtindo mpya wa siku hizo, huku ngoma ikiwafuata.

Gio-ji ni nyumba moja tu iliyoezekwa kwa nyasi, chini ya miti ya momiji, ile ambayo majani yake huwa mekundu vuli, na mimea midogo ya penye unyevu imefunika ardhi yote kama zulia. Wengi hupiga picha wakidhani ndicho kibanda cha Gio mwenyewe, shirabyoshi aliyelipa hekalu jina lake. Sicho. Hekalu la zamani lilivunjwa mwanzoni mwa enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, na mwaka 1895 Kitagaki Kunimichi, aliyekuwa gavana wa Kyoto, akatoa nyumba yake ya mapumziko ili lisimame tena. Cha kale hapa ni sanamu za mbao zilizomo ndani, na kisa chenyewe.

Kisa kimo katika Heike Monogatari, masimulizi ya kale ya kupanda na kuanguka kwa ukoo wa Taira. Gio alikuwa kipenzi cha Taira no Kiyomori, mtu aliyeishika serikali yote mkononi. Mama yake Gio alijengewa nyumba, akawa anapelekewa koku 100 za mchele na kan 100 za sarafu (kan moja ni sarafu elfu moja) kila mwezi. Koku moja ni kama lita 180, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Siku moja akaja binti wa miaka 16 kutoka Kaga, Hotoke, akabisha hodi bila kualikwa. Kiyomori alimfukuza. Gio ndiye aliyemwombea: naye ni mwenzetu wa kazi, tumsikilize hata wimbo mmoja. Hotoke akaimba, akacheza, na jioni ile ile Gio akaambiwa afungashe. Kabla ya kutoka aliandika shairi kwenye mlango wa karatasi, kwamba jani linalochipua na linalonyauka ni ya konde moja, na yote yatakutana na vuli.

Mwaka uliofuata Kiyomori akamwita tena, eti aje amchangamshe Hotoke aliyekuwa amechoshwa na upweke. Akakalishwa mahali pa chini kuliko pa zamani, akaimba, wakuu wa ukoo wakatokwa machozi. Aliporudi nyumbani alinyoa nywele, akawa mtawa huku Sagano pamoja na mdogo wake Ginyo na mama yao. Usiku mmoja wa vuli mlango ukagongwa. Walidhani ni shetani. Kumbe ni Hotoke, kichwa kimenyolewa, amekimbia raha zote za jumba la Kiyomori.

Sanamu za wanawake wote wanne zimo humo. Na Kiyomori pia yumo! Sikupendezwa. Walikuja mpaka mlimani kumkimbia, nao vizazi vya baadaye wakamleta akae nao chumba kimoja.

Kesho yake nilipita Sanjusangen-do, jumba la hekalu lililojengwa kwanza mwaka 1164 kwa ajili ya Go-Shirakawa, kaizari mstaafu, kisha likajengwa upya mwaka 1266 baada ya kuungua. Sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, zinastahili sifa zake, ila mimi nilikuwa namwaza Otomae, mwimbaji mzee aliyezidi miaka 70, ambaye kaizari huyo alimwita amfundishe imayo. Alimheshimu kama mwanafunzi anavyomheshimu mwalimu, hata akaenda kumwimbia alipokuwa mgonjwa kitandani. Kwa upendo huo wa nyimbo aliacha mkusanyo, Ryojin Hisho. Sehemu kubwa ilipotea, na kipande muhimu kilionekana tena mwaka 1911.

Kutoka Kyoto nilielekea mashariki, Kamakura. Hapo ngazi za hekalu la Tsurugaoka Hachimangu zinashuka mpaka kwenye jukwaa jekundu ambalo kila Aprili huchezwa ngoma ya kumkumbuka Shizuka, shirabyoshi aliyekuwa mpenzi wa Yoshitsune, jemadari wa ukoo wa Minamoto. Mwaka 1186 jukwaa hilo halikuwapo. Alicheza kwenye ushoroba wa hekalu. Yoritomo, mtawala wa Kamakura aliyekuwa anamwinda Yoshitsune, mdogo wake mwenyewe, alimlazimisha. Shizuka alikataa mara nyingi, na alikuwa mjamzito. Kudo Suketsune akapiga ngoma, Hatakeyama Shigetada matoazi, na mwanamke yule, mbele ya adui, akaimba kwamba anazitamani nyayo za aliyepotelea kwenye theluji ya mlima Yoshino.

Yoritomo alikasirika: hapa ni pa kuiombea Kamakura heri, vipi anamsifu mwasi? Aliyemtuliza ni mkewe, Masako. Alimkumbusha jinsi yeye mwenyewe alivyomfuata usiku wa giza na mvua, baba yake hataki, na alivyokaa bila kujua kama mumewe yu hai au amekufa vitani mwaka 1180. Asiyemkumbuka mwanamume wake, alisema, si mwanamke mwaminifu. Ndipo Yoritomo akalisukuma joho lake nje ya pazia, kumtunza mchezaji.

Miezi michache baadaye Shizuka alijifungua mtoto wa kiume. Amri ilikuwa wazi: wa kike aachiwe mama, wa kiume auawe. Alimkumbatia mtoto akakataa kumtoa, mpaka mama yake mwenyewe, Iso no Zenji, kwa hofu akamchukua na kumkabidhi mjumbe. Masako aliomba tena, safari hii hakusikilizwa. Mtoto alipelekwa ufukwe wa Yui, ambako leo vijana hukodi mbao za kutelezea mawimbi. Mwezi wa tisa Shizuka na mama yake waliruhusiwa kurudi Kyoto, na Masako na bintiye Ohime wakawapa vitu vingi vya thamani. Ngoma ya Aprili huishia jukwaani. Ningekuwa mwandaaji, ningewapeleka watazamaji mpaka ufukweni.