Siku moja maishani mwangu: kocha wa mbio fupi Lubumbashi, kazi ya kukalisha watu chini

Nikisema nafundisha mbio watu wananiuliza, mbio za nyuma ya mpira au? Siwalaumu. Tangu TP Mazembe, timu yetu ya mpira, wafike fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010 kila mtoto mwenye miguu hapa Lubumbashi ni mshambuliaji, sasa mimi na krono yangu shingoni, ile saa ya kupimia mbio, na mbao mbili za kugongesha mkononi naonekana kama mtu aliyekosea njia. Mita 100 na mita 200, basi, ndo zangu hizo. Na kazi yenyewe sio kupiga filimbi na kufokea vijana kama mnavyoona kwenye video. Kazi yangu kubwa ni kuwaambia wakae chini. Ngoja niwape Jumanne iliyopita nzima nzima.

Saa 10 na nusu alfajiri nimeamka. Ni mwezi wa saba na wale wanaosema Kongo yote ni joto waje walale Katuba mwezi wa saba, asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Chai, mukati, karanga kidogo. Simu ina chaji 54, umeme ulikuja usiku saa mbili ukaondoka saa nne, kwa hiyo hiyo 54 ndo ya siku nzima na simu ndo ofisi yangu, mtaelewa kwa nini baadaye.

Saa 12 niko uwanjani, giza bado. Uwanja ni neno kubwa, ni vumbi jekundu na goli mbili za chuma. Naokota mawe, nafukia mifereji ya matairi manake usiku kuna mtu anajifunziaga gari pale, halafu napima. Napima kila siku, na vijana wananicheka, ila nina sababu. Nilipoanza hapa nilikuta alama mbili kwenye ukuta, kila mtu anakuambia hiyo ni mita 100, babu zao walikimbilia hapo. Nikaleta mita ya fundi, nikarudia mara tatu: 96. Kijana anayekwenda mita 10 kwa sekunde ukimpunguzia mita 4 umempa sekunde 0.4 za bure. Kijiwe kizima kilikuwa na watu wa sekunde 10.9, siku ile wote wakarudi 11 na kitu na mmoja hakunisalimia wiki mbili.

Saa 1 vijana wamefika, wanapasha mwili dakika 40 na hapo sina la kusimulia.

Sasa Kafupi. Sio jina lake, tunamuita hivyo kwa kimo. Kafupi alikuja kwangu akiwa na sekunde 11.4 za mita 100, za krono ya mkononi, na alikuwa amekwama kwenye hiyo 11.4 miezi saba. Miezi saba! Nikamuuliza unafanyaga nini, akasema kwa kujisifu kabisa, kila siku mita 100 mara kumi, nikifika narudi natembea naanza tena, na jioni mpira. Nikamwambia ndugu yangu, hapo hujajifunza kukimbia mbio, umejifunza kukimbia ukiwa umechoka. Mwili unashika kile unachourudishia. Ukiupa mwendo wa robo tatu kila siku utakuwa fundi wa robo tatu, na ile kasi ya juu kabisa hauijui manake hujawahi kuifikia ukiwa mzima. Mafuta ya mbio za namna ile yako kwenye msuli wenyewe, hayamalizi hata sekunde kumi, na kuyajaza tena ni dakika kadhaa, sio ule muda wa kurudi ukitembea.

Kwa hiyo nikamkata mazoezi. Siku mbili kwa wiki ndo kasi kamili, Jumanne na Ijumaa, katikati anafanya vyuma, milima midogo, au anapumzika tu, hafanyi kitu. Na siku ya kasi anakimbia mara nne tu: mita 30 za kuchukua mwendo, halafu mita 20 kati ya vijiti viwili kwa kasi yote aliyopewa na Mungu, basi, anaacha. Anakaa dakika sita. Anarudia. Mita 20 utasema ni kitu gani, lakini hata Bolt siku ile ya sekunde 9.58 za mita 100 pale Berlin 2009 kasi yake kubwa kabisa, zaidi ya kilomita 44 kwa saa, ilikuwa kati ya mita 60 na 80, baada ya hapo na yeye alikuwa anapungua. Wote wanapungua. Ukiona mtu anawapita wenzake mwishoni sio kwamba ameongeza, wenzake wanapungua haraka kumshinda. Sasa kama ile kasi yako ya juu ni ndogo, utapungua kutoka wapi?

Basi tumekimbia ya kwanza, safi, Kafupi amekaa kwenye kanga yake, nimewasha video ya pili, gari inaingia uwanjani. Inaingia NDANI, kwenye mstari wangu niliosawazisha. Baba yake.

Huyu papa ana malori ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, ni mtu mzuri, analipa franka 20,000 kwa mwezi bila kukumbushwa, na wazazi wa hivyo sina wawili. Ila akija siku yangu inaharibika. Ameshuka, mikono nyuma, amemtazama mtoto wake dakika moja, mbili.

"Kocha, minaona mutoto anaikala."

"Jambo papa. Ndiyo, anapumzika."

"Amekimbia sekonde ngapi?"

"Kama sita, na ya kuchukua mwendo ndani."

"Sekonde sita. Na anaikala dakika ngapi?"

"Sita."

Akanyamaza. Akawaangalia vijana wengine wamekaa wanapigiwa na jua kama mijusi. Halafu: "Mie minalipa ya kukimbia, hapana ya kuikala. Kuikala anaikalaka ku nyumba bure."

Vijana wakageuza uso wacheke pembeni. Mimi nikajaribu lugha yake, nikamwambia papa, lori lako ukilipiga stata mara kumi mfululizo betri inafanya nini? Akasema betri za malori yangu ni mupya. Haya.

Halafu akatoa la moyoni. Jumapili alimkimbiza Kafupi kwenye avenyu yao, akapima mwenyewe na simu, 11.1. Kwangu ni 11.4. Kwa hiyo ni nani anamrudisha mtoto nyuma? Nikamuuliza ulisimama wapi, akasema mwisho pale anapofika. Na ulibonyeza saa ngapi? "Wakati mudogo wake alipiga makofi, nikasikia pwaa, nikabonyeza."

Yaani hapa nilipoteza nusu saa ya maisha yangu lakini sijuti. Nikampeleka mpaka mwisho wa mita 100, nikamwambia kijana mmoja abaki kule mwanzo na mbao zangu mbili azigonge juu ya kichwa. Papa, angalia mbao, usisikilize. Mbao zikakutana. Kimya. Halafu ndo pwaa. Akasema arudie. Zikakutana, kimya, pwaa. Ile kimya ni sekunde 0.3, sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde, ndo muda wake wa kufika hapa. Ukibonyeza kwa sikio umempa mtoto hizo 0.3 mkononi, 11.1 yako na 11.4 yangu ni kitu kimoja. Na hata hiyo yangu ya jicho sio ya kweli, kwenye mashindano yenye mashine wanaihesabu krono ya mkononi kwa kuongeza 0.24. Nilimwambia Kafupi hilo siku ya kwanza akanuna mpaka jioni.

Papa akagongesha mbao mara sita, mara saba. Ile sura ya mtoto aliyeona kiberiti kwa mara ya kwanza, nikamuona na nikasema nimeshinda. Nimeshinda wapi! Tumerudi, Kafupi amekimbia ya pili, ya tatu, ya nne, ya nne imepita mbele yangu kama kitu kimetupwa, ule mguu unagusa chini na kutoka bila kelele, kwenye vumbi unaona kidonda kidogo tu cha vidole. Nikasema imetosha, vua viatu. Papa akasema: "Moya ya mwisho. Nimetoka mbali."

Na mimi nikakubali. Andikeni hapo, kocha mwenye msimamo amekubali, kwa sababu ya 20,000 na kwa sababu umri wake ni wa baba yangu na vijana wanatazama. Hata dakika sita hakunipa, tatu tu. Nimesimama pale na moyo uko kwenye paja la mtoto wa mtu, manake msuli wa nyuma ya paja huwa haupigi hodi, nimeshasikia mmoja ukikatika mita kumi mbele yangu, ule mlio, yule dada alikaa miezi mitatu. Kafupi akakimbia, mabega yamepanda masikioni, meno nje. Papa akapiga makofi. "Unaona? Hiyo ndiyo kukimbia."

Akaondoka kwa kupitia kwenye mstari wangu tena.

Saa 4 mpaka saa 6 wachezaji mpira wa timu ya mtaa, wanataka demaraji, yaani kuanza mbio kwa kasi, wanalipa kwa ahadi.

Mchana bukari na sombe, yaani ugali na majani ya mihogo, nikalala kidogo na viatu.

Alasiri ni vyuma nyuma ya nyumba yangu. Ekseli ya gari na ndoo za rangi zilizojazwa simenti, upande mmoja mzito kidogo kwa hiyo tunageuza kila seti. Pale nina dada mmoja wa mita 200, mwaka jana sekunde zake zilikuwa zinashuka kila mwezi, halafu zikasimama ghafla, na mimi nikabadilisha mazoezi, nikabadilisha viatu, nikaazima vibao vya kuanzia, hakuna. Kumbe mabomba ya kwao yalikauka, na kabla ya kuja kwangu anabeba bidoni za lita 20 kichwani safari tatu, mlima kwenda na kurudi. Anakuja ameshamaliza siku. Hakuna programu ya mazoezi itakayotibu bidoni. Nilienda kumuona shangazi yake, nikakaa, nikanywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, nikaongea mambo ya mvua na bei ya unga saa nzima kabla sijataja maji. Tukakubaliana Jumanne na Ijumaa kaka yake ndo anachota. Yule kaka mpaka leo akiniona barabarani ananiangalia kama nimemuibia. Lakini sekunde za dada zimeanza kushuka tena, na jioni ile aliinua kilo ambazo mwezi wa tano alikuwa anaziogopa, akaziweka chini pole pole kama yai.

Jioni kikundi cha pili, wadogo. Au kabla ya hapo nilipita kununua chumvi, sikumbuki, toka saa tisa nilikuwa natembea tu mwili uko nyuma yangu. Kadogo mmoja akaniuliza kocha, Omanyala ni wa hapa? Nikamwambia ni wa Kenya, akaruka, Kenya kwa bibi yangu?! Hapana bwana, sio komini ya Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, ni nchi ya Kenya, alikimbia mita 100 kwa 9.77 Nairobi mwaka 2021, hakuna Mwafrika aliyewahi kwenda kasi kuliko hapo. Akavunjika moyo kidogo, halafu akaanza kukimbia hivyo hivyo.

Giza. Nyumbani. Umeme hakuna.

Hapa ndo simu inaingia kazini. Mita 20 huwezi kupima kwa kidole, kidole changu peke yake kinakosea kuliko anachoongeza kijana kwa mwezi. Kwa hiyo napiga video, simu yangu inachukua picha 60 kwa sekunde, na usiku naisogeza picha moja moja kuanzia kiuno kinapofika kwenye kijiti cha kwanza mpaka cha pili. Nahesabu kwa kinywa kama mama anahesabu franka. Mwezi wa tatu Kafupi alikuwa na picha 124. Mwezi wa tano 122. Mwezi wa sita 122 na 122 na 122, nikaanza kuota hiyo namba.

Simu ina chaji 9. Ya kwanza ya leo: 121. Ya pili 121. Ya tatu 120. Ya nne, ile ya kidonda cha vidole, nimehesabu 119. Nikajua nimeruka moja kwa usingizi. Nimerudi mwanzo, 119. Nimemwamsha mke wangu ahesabu yeye, akahesabu akiwa na jicho moja limefungwa, 119, akageuka ukutani. Kasi ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe, chini ya sekunde mbili, imepita pale kwenye vumbi na baba yake amesimama anatafuta funguo za gari.

Halafu nikahesabu na ya tano, ile ya makofi. 126.

Chaji 4. Nikasema leo nafundisha na wazazi. Nikamwandikia: jambo papa, nimepima video, mara ya nne baada ya kupumzika mtoto ana 119, mara ya tano bila kupumzika ana 126. Nikatuma, nikakaa gizani nangoja. Akajibu haraka, hajalala na yeye:

"Kocha unaona sasa? 126 ni mingi kuliko 119. Nilikuambia. Ijumaa nitakuya tena."

Nimeanza kuandika jibu, simu ikazima.