Nanga Kwenye Kuta za Kalisto

Nilitoka Roma asubuhi kwa lango la San Sebastiano, nikaifuata Njia ya Appia kwa miguu. Barabara ni nyembamba na magari yanakwenda kasi, hivyo sikutafakari lolote mpaka kwenye kanisa dogo la Domine Quo Vadis. Mapokeo yanasema Petro, akiyakimbia mateso ya Nero, alikutana hapo na Bwana akielekea mjini, naye akageuka kurudi.

Mbele kidogo ndipo yalipo makaburi ya chini ya ardhi ya Kalisto: njia za karibu kilomita 20 zilizochimbwa katika mwamba laini. Wengi hudhani Wakristo waliishi humo mafichoni. Hapana, walikuja kuzika. Mapapa wa karne ya 3 walilazwa humo, akiwemo Sisto II aliyeuawa mwaka 258, zama za Kaisari Valeriano. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya wafia dini hao.

Kilichonisimamisha ni makaburi ya watoto. Katikati ya mashimo ya watu wazima kuna vishimo vifupi, vingine havifiki urefu wa mkono wangu. Ni vingi mno. Wengi wa watoto hao hawakuuawa na askari yeyote. Maradhi yaliwachukua, kama yalivyowachukua watoto wa kila nyumba enzi zile. Mwaka huu tumemzika mpwa wangu, mtoto wa dada, basi miguu ilikataa kuondoka. Wazazi walishuka humu na taa za mafuta, wakamlaza mwanao ukutani, wakaziba. Na katika kuta hizi Wakristo walichora nini? Nanga, samaki, njiwa, mchungaji mwenye kondoo mabegani. Sikuona upanga, wala laana kwa watesi.

Waraka kwa Waebrania unaliita tumaini nanga ya roho. Waliochora nanga hizo hawakujua kwamba mwaka 313 Wakristo wangeruhusiwa kuabudu kwa uhuru. Wengi walikufa zamani kabla ya hapo. Hawakungoja hali itengemae ndipo watumaini. Walimshika aliyefufuka, wakazika wapendwa wao. Ndiyo maana sikubaliani na mahubiri yanayoahidi kwamba ukiamini tu, kesho mambo yatanyooka. Aliyefiwa na mtoto ahadi hiyo haimfai kitu.

Kutoka hapo nilitembea hadi Fosse Ardeatine, mapango ambamo tarehe 24 Machi 1944 Wanazi waliwaua watu 335. Mmoja wao ni padre Pietro Pappagallo, aliyekuwa akiwasaidia waliosakwa. Nililiombea kundi lote lile, kisha mpwa wangu kwa jina lake.

Jioni nilimpigia dada, nikamsimulia habari za vile vishimo. Aliuliza kama wazazi wale waliandika majina ya watoto wao.

“Wapo walioandika,” nikamjibu. “Na kando ya jina wakaongeza: katika amani.”