Siku moja maishani mwangu: karani wa sensa Goba

Saa 11 alfajiri

Jumanne, 23 Agosti 2022. Siku za kazi, saa hizi Goba Njia Nne pameshachangamka, kila mtu anawahi daladala ya mjini kabla foleni haijakaza. Siku ile palikuwa kimya. Serikali ilishatangaza mapumziko ili watu wakutwe nyumbani. Makarani wenzangu waliopangiwa stendi, hospitali na nyumba za wageni walikuwa kazini tangu saa 6 usiku, maana msafiri usipomdaka pale alipo, asubuhi humpati tena. Mimi nilipangiwa kaya za mtaani, kwa hiyo nilipata usingizi kidogo. Kishikwambi chaji imejaa, kitambulisho shingoni, raba miguuni. Raba ni muhimu, mtaona kwa nini.

Saa 1 asubuhi

Nilimkuta Mama Mjumbe kwake, khanga kiunoni, ameshanywa chai. Bila mjumbe huendi popote. Yeye ndiye anayejua mlango upi ni kaya moja na upi ni kaya tatu zinazopikia uani.

Kwa wasiopajua: Goba ni kata ya Wilaya ya Ubungo, imekaa katikati ya barabara ya Morogoro na ile ya Bagamoyo. Wanaoijua Dar ya Sinza na Kariakoo wanadhani jiji lote ni tambarare. Huku ni vilima na makorongo mfululizo. Kuna nyumba ukiitazama kutoka barabarani ni ya kawaida tu, ukizunguka nyuma unakuta chini yake kuna vyumba vingine vimechimbwa kwenye mteremko, na ndani yake wapangaji.

Ramani ya kwenye kishikwambi ilionyesha eneo langu la kuhesabia kama kipande kidogo tu, na mpaka wake upande mmoja ni korongo. Kwenye ramani nyumba za kando ya korongo zimepakana kama meno. Kwa miguu ni habari nyingine. Unaiona nyumba ng'ambo, mwenyewe anakupungia mkono, lakini kumfikia ni kushuka, kupita juu ya magogo, kisha kupanda udongo unaoporomoka. Afadhali ilikuwa kiangazi. Masika njia ile haipo.

Saa 2 asubuhi

Geti la kwanza. Dada mmoja alitufungulia, akatukaribisha sebuleni, akaenda kumwita mkuu wa kaya. Baba akaanza kutaja: yeye, mkewe, watoto watatu.

"Na dada aliyetufungulia?"

"Ah, huyo si wa hapa. Kwao Singida."

Nikamweleza kwamba sensa haiulizi kwenu ni wapi ili kuamua uandikwe wapi. Inauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Dada akaitwa, akakaa pembeni ya kochi, akajibu mwenyewe: umri, alikozaliwa, elimu. Alipotaja umri wake mama mwenye nyumba aligeuka kumtazama. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anausikia.

Nyumba zilizofuata hazikuwa na mengi. Chanzo cha maji ya kunywa, aina ya choo, nishati ya kupikia, simu. Dodoso lilikuwa refu, na watu huchoka hasa ukifika kwenye vyoo.

Saa 5 asubuhi

Nikafika mahali ambapo ningekuwa peke yangu ningepita tu. Pagale. Kuta zimefika usawa wa lenta, halijaezekwa, nyasi zimeota sebuleni. Mama Mjumbe akapiga hodi kwenye uwazi wa dirisha. Akatoka kijana mmoja anafuta mikono.

"Shikamoo mama. Hapa hakuna watu, hii ni pagale tu. Mimi nalinda."

"Marahaba. Na huo moshi ni wa nani?"

Nyuma, chumba kimoja kilifunikwa mabati yaliyokandamizwa kwa matofali. Ndani kulikuwa na kitanda, ndoo za maji zimefunikwa, sare ya shule imening'inizwa kwenye msumari. Mkewe alikuwa anasonga ugali, mtoto mmoja mgongoni na mwingine anachora chini kwa kijiti. Mwenye pagale anaishi mkoa mwingine, anajenga akipata fedha. Wao wanalinda, hawalipi kodi.

Kijana hakuwa anaficha kitu. Aliamini kabisa kwamba anayehesabiwa ni mwenye nyumba. Akanionya mapema: "Dada, msije mkamletea tajiri matatizo." Nikamhakikishia kwamba taarifa ni siri, na kwamba simwandiki tajiri, namwandika yeye. Angekuwa mlinzi anayekuja usiku tu na kurudi kwake asubuhi, angehesabiwa kule kwake pamoja na familia yake. Lakini kwake ni hapahapa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika, mkuu wa kaya ni mimi."

Mapagale ya namna hii yamejaa pembezoni mwa Dar. Ukitaka kukosea idadi ya watu wa Goba, pita mbele ya mapagale useme hayana mtu.

Saa 8 mchana

Chapati mbili na maharage kwa mama ntilie. Tukapanda kilima kingine.

Saa 9 alasiri

Mzee mmoja alitukalisha chini ya mwembe. Alinunua hapo enzi za mashamba, akauza kipande kwa kipande, sasa amebaki na uwanja wa kuweka kiti na banda la kuku. Nilipofika kwenye watoto wake akacheka: "Wote wameoa, mwalimu, lakini hamtawakuta hapa. Mmoja Mapinga, mwingine Kibaha. Huku viwanja hawaviwezi tena."

Nilimkumbuka mzee huyu Oktoba 31, matokeo yalipotangazwa. Nchi nzima watu 61,741,120. Dar es Salaam ilitoka 4,364,541 mwaka 2012 ikafika 5,383,728. Lakini Mkoa wa Pwani, uliotuzunguka na wenye hiyo Mapinga na hiyo Kibaha, ulitoka 1,098,668 ukafika 2,024,947. Watu wakasema Dar imepungua kasi. Mimi naona Dar imevuka mpaka wa mkoa bila kuaga. Vijana wale wawili kwenye karatasi ni watu wa Pwani, lakini ukiwauliza barabarani watakwambia wanakaa Dar.

Saa 12 jioni

Msimamizi alipiga simu kuulizia taarifa. Mtandao ulikuwa mzuri kileleni, bondeni hamna kitu, ikabidi nipande tena kwenda kutuma.

Ikabaki nyumba moja yenye kibao cha mbwa mkali. Tuligonga asubuhi na mchana, kimya. Mimi nilitaka niandike kwamba hawapo. Mama Mjumbe akakataa katakata.

"Hawa wapo. Kamba imeanikwa nguo za mtoto, na jana hazikuwepo. Kesho likizo imekwisha, saa 11 alfajiri watatoa gari. Tuwasubiri getini."

Tukakubaliana saa 10 na nusu, yeye aje na tochi.